Duka la Mtandaoni Likigoma: Kuifuata Dalili Hadi Kwenye Chanzo

Mwuzaji wa leso na vikoi wa Mombasa, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akipokea oda kwa WhatsApp, anapofungua tovuti yake mwenyewe hudhani kwamba amepata kitu kimoja. Kwa kweli amepata vitu vinne vilivyofungamana, na kila kimoja kina mlinzi wake: jina la tovuti, yaani kikoa, liko kwa msajili wa vikoa, mafaili yamo kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayohifadhi tovuti, duka lenyewe linaendeshwa na programu kama WordPress pamoja na WooCommerce inayoiongezea duka, na pesa hupitia M-Pesa. Kimojawapo kikikatika, mteja huona jambo lile lile tu, kwamba duka halifanyi kazi, na mwenye duka kwa hofu huanza kubonyeza kila kitufe anachokiona. Katika maduka niliyoitwa kuyatengeneza, ubonyezaji huo umeharibu mengi kuliko hitilafu zenyewe. Kwa hiyo hapa nitaanza kila mara na dalili kama inavyoonekana kwenye simu, kisha nirudi nyuma hadi kwenye chanzo, nikilichukua duka la namna hiyo kuwa mfano.

Kabla ya kugusa chochote

Hakikisha kwanza kwamba hitilafu ni ya tovuti yako. Ifungue kwa data ya simu badala ya Wi-Fi ya nyumbani, kisha mwombe mtu aliye mji mwingine, anayetumia mtandao mwingine wa simu, afanye vivyo hivyo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Kenya, Tanzania na nchi jirani, na mtu ambaye siku hiyo angebadilisha mipangilio ya seva yake angekuwa anamtibu asiye mgonjwa.

Likithibitika kuwa tatizo ni lako, jiulize ni kitu gani kilichobadilishwa mwisho, na lini. Mara nyingi jibu limo humo, hata kama badiliko lenyewe lilionekana dogo na halihusiani. Kisha chukua nakala rudufu ya mafaili na ya hifadhidata inayoweka bidhaa na oda, zote mbili, uzipakue kwenye kompyuta yako, kwa sababu nakala iliyo kwenye seva ile ile inayougua haitakufaa seva hiyo ikifungwa.

Anwani haipatikani kabisa

Kivinjari kikisema kwamba anwani haipatikani, yaani hakijui hata seva ya kuiendea, tatizo liko kwenye jina wala haliko kwenye duka. Sababu ya kawaida ni kwamba muda wa kikoa umekwisha. Majina yanayoishia kwa .co.ke yanasimamiwa na KeNIC na yale ya .co.tz yana msimamizi wake Tanzania, na taarifa za usajili wa jina, pamoja na msajili wake na tarehe ya kwisha, zinaweza kutafutwa mtandaoni. Kwa majina ya .com, wasajili wengi hutoa muda wa nyongeza wa kulipia kwa bei ya kawaida, kisha hufuata siku 30 ambazo jina linaweza kukombolewa kwa ada kubwa, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, na baada ya hapo mtu yeyote anaweza kulichukua. Jina lililokwisha jana, basi, bado liko mkononi mwako ukiwahi.

Ugumu huja pale mwenye duka anapotaka kulipia na kugundua kwamba akaunti ya msajili si yake. Mama mmoja aliyekuwa akiuza vikoi alinipigia simu baada ya tovuti yake kutoweka. Fundi aliyemtengenezea alikuwa amesajili kikoa kwa barua pepe yake mwenyewe, barua zote za kukumbusha malipo zilikwenda kwake, naye alikuwa amekwisha kuhamia kazi nyingine na kuacha kuzisoma. Jina lilikuwa limechapishwa kwenye mifuko ya duka na kwenye kadi za biashara, na halikuokolewa. Jambo hili linaniuma kila ninapolikumbuka, kwa kuwa lingezuiwa kwa dakika tano za siku ya kwanza. Leo hii, kabla tovuti haijapata hitilafu yoyote, ingia kwenye akaunti ya msajili kwa nenosiri ambalo wewe mwenyewe unalijua, angalia kwamba jina la mmiliki ni lako au la biashara yako, na kwamba barua pepe iliyoandikwa ni ile unayoisoma kila siku. Fundi anaweza kupewa ruhusa ya kufanya kazi bila kukabidhiwa umiliki.

Kama muda wa kikoa haujakwisha na bado anwani haipatikani, tazama seva za majina na rekodi za DNS, yaani mfumo unaoliunganisha jina na seva yake. Duka likihamishwa kutoka kampuni moja ya kuhifadhi hadi nyingine, rekodi ya A inapaswa kuonyesha nambari ya anwani ya seva mpya. Ikiwa wateja wa Nairobi wanaona duka jipya na wa Malindi bado wanaona la zamani, hakuna kilichoharibika: kila mtandao huhifadhi jibu la zamani kwa muda uliowekwa kwenye rekodi, na muda huo ukiwa sekunde 86400, ni siku nzima. Anayepanga kuhama aupunguze hadi sekunde 300 siku moja au mbili kabla ya kuhama, wala asiifunge seva ya zamani kabla siku mbili hazijapita.

Ukurasa ukifunguka lakini ukasema kwamba akaunti imesimamishwa, jina halina kosa. Ama ada ya kuhifadhi tovuti haijalipwa, ama duka limetumia nguvu ya seva kupita kiwango cha kifurushi, ama kampuni imegundua mafaili yenye virusi. Iulize kampuni ni lipi kati ya hayo, na uombe jibu kwa maandishi.

Onyo kwamba tovuti si salama

Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huiandika kila tovuti isiyotumia HTTPS, njia ya kusafirisha data kwa usiri, kuwa si salama, na mteja anayetakiwa kuweka nambari yake ya simu na anwani ya nyumbani ana haki ya kuogopa. Onyo hili lina vyanzo kadhaa, na njia ya kuvitenganisha ni kuuliza nani analiona.

Likionekana kwa kila mtu, na ukurasa mzima umezuiwa, cheti cha usalama kimekwisha au hakilingani na jina. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, ambavyo kampuni nyingi za kuhifadhi huvitumia, vimezoeleka kudumu siku 90 na kujihuisha vyenyewe, lakini kujihuisha huko hushindwa kimya kimya pale DNS inapoelekezwa mahali pengine. Angalia pia kama cheti kinajumuisha jina lenye www na lisilo na www. Duka linaweza kufunguka vizuri kwa moja na kukataa kwa jingine, na mwenye duka asijue kwa sababu yeye daima huandika lile linalokubali.

Ikiwa ukurasa unafunguka lakini kivinjari hakionyeshi usalama kamili, baadhi ya picha au mafaili bado yanaitwa kwa http badala ya https. Hili hutokea sana kwa maduka yaliyojengwa kabla ya cheti kuwekwa, na dawa yake ni kubadilisha anwani hizo ndani ya hifadhidata kwa programu-jalizi (programu ndogo ya kuongezwa kwenye WordPress) ya kutafuta na kubadilisha, baada ya kuchukua nakala.

Onyo likionekana kwa mteja mmoja tu, mwombe kwanza atazame tarehe ya simu yake. Simu ambayo betri yake ilikwisha ikawaka na tarehe ya miaka iliyopita itakikataa kila cheti. Na kama tarehe ni sahihi, uliza toleo la Android. Simu zenye Android iliyotangulia 7.1.1 haziutambui mzizi wa vyeti vya Let's Encrypt, yaani cheti kinachovithibitisha vingine vyote, na mpango wa muda uliokuwa ukizisaidia simu hizo uliondolewa hatua kwa hatua hadi kufikia Septemba 2024. Wateja wetu wengi hutumia simu za mkono wa pili, kwa hiyo mteja wa namna hii si wa kupuuzwa. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti, na ikiwa simu inaweza kuipokea, mteja ataingia dukani.

Ukurasa mweupe, au ujumbe wa makosa

Kwa tovuti ya WordPress, ukurasa mweupe usio na neno, au msimbo wa 500 wa kosa la seva, mara nyingi huja baada ya programu-jalizi au kiolezo, yaani sura ya tovuti, kusasishwa. Ingia kwenye mafaili kupitia akaunti ya kampuni ya kuhifadhi, tafuta folda ya plugins ndani ya wp-content, na uibadilishe jina. WordPress ikikosa folda hiyo huzizima programu-jalizi zote bila kufuta mipangilio yake. Tovuti ikirudi, ingia upande wa usimamizi ili orodha ionyeshe kwamba zimezimwa, rudisha jina la folda, kisha washa moja baada ya nyingine hadi ile yenye kosa ijitambulishe. Kazi hii ifanyike usiku, wateja wakiwa wachache.

Ujumbe unaosema kwamba kuna kosa la kuunganishwa na hifadhidata una maana nyingine. Ama nenosiri la hifadhidata limebadilishwa bila kubadilishwa ndani ya faili la mipangilio la wp-config.php, ama seva ya hifadhidata imezidiwa. Ukitokea kwa dakika chache kila jioni wakati wateja ni wengi na kutoweka wenyewe, ni kuzidiwa, na hakuna mpangilio utakaouponya isipokuwa kifurushi kikubwa zaidi au duka jepesi zaidi.

Ukurasa wa mwanzo ukifunguka huku kurasa za bidhaa zikitoa msimbo wa 404 wa ukurasa usiopatikana, nenda kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu (Permalinks) na ubonyeze kuhifadhi bila kubadilisha chochote. WordPress huandika upya kanuni zake, na kwa kawaida kurasa hurudi.

Kuna dalili moja ambayo mwenye duka huwa wa mwisho kuiona. Wateja wanaotoka Google kwa simu wanalalamika kwamba wanapelekwa kwenye tovuti za kamari, ilhali yeye akiandika anwani mwenyewe anaona duka lake limetulia. Usimwambie mteja kwamba simu yake ndiyo mbovu. Virusi vya aina hii huandikwa makusudi vijifiche kwa msimamizi aliyeingia na kwa anayeandika anwani moja kwa moja. Chanzo chake mara nyingi ni kiolezo au programu-jalizi ya kulipiwa iliyopakuliwa bure kutoka mahali pasipo halali. Kukiondoa tu hakutoshi: badilisha nywila zote, futa wasimamizi usiowajua, na urudishe tovuti kutoka nakala iliyochukuliwa kabla virusi havijaingia.

Malipo

Hapa ndipo ninapotaka mwenye duka awe makini kuliko pengine popote, kwa kuwa hitilafu za sehemu nyingine humpotezea wateja, lakini hii humgombanisha nao. Nitalieleza jambo hili kwa mfumo wa Daraja wa Safaricom, ambao ndio mlango wa programu kuifikia M-Pesa ya Kenya. Anayeuza Tanzania kupitia kampuni ya kati ya malipo atakuta majina tofauti na nambari zinazoanza na 255, lakini mwendo wa ombi na majibu ni ule ule.

Dalili ya kwanza ni kwamba mteja anabonyeza kulipa na simu yake haionyeshi chochote. Tazama nambari ilivyotumwa. Daraja hutaka nambari ianze na 254, bila sifuri na bila alama ya kujumlisha, ilhali mteja huandika 07 kama alivyozoea. Programu-jalizi nzuri hugeuza yenyewe, mbaya hutuma kama ilivyo. Nyingine ziliandikwa kabla ya nambari zinazoanza na 01 kuingia sokoni, na huzikataa. Kama hakuna mteja hata mmoja anayepata ombi, kuna uwezekano mkubwa kwamba duka bado linatumia funguo za majaribio: ukiikuta nambari 174379 kwenye mipangilio, hiyo ni nambari ya majaribio ya Daraja, si ya biashara yako. Angalia pia kiasi kinachotumwa. Ombi hili hupokea shilingi kamili tu, na bei iliyopunguzwa kwa asilimia ikawa na senti itakataliwa hadi uiwekee duka kanuni ya kukamilisha shilingi.

Dalili ya pili inachanganya zaidi: mteja ameweka nambari ya siri, pesa zimetoka, ujumbe wa M-Pesa ameupata, lakini oda dukani bado inasema inasubiri malipo. Pesa zako hazijapotea. M-Pesa ikimaliza muamala hutuma majibu kwenye anwani maalumu ya tovuti yako, na majibu hayo ndiyo yanayoibadilisha oda. Yakizuiwa njiani, duka halijui kwamba limelipwa. Anwani hiyo lazima ifikike kutoka nje na iwe ya HTTPS yenye cheti kizima, kwa hiyo cheti kilichokwisha usiku kinaweza kuwa ndicho chanzo cha oda zilizokwama asubuhi. Programu-jalizi ya ulinzi, au ngao iliyo mbele ya tovuti inayomtaka kila mgeni athibitishe kuwa ni binadamu, huyazuia pia, kwa sababu seva ya M-Pesa si binadamu wala haiwezi kuthibitisha. Iache anwani hiyo nje ya ukaguzi. Chanzo kilichonichukua muda mrefu kukigundua ni kuelekezwa upya: anwani imeandikwa bila www, tovuti inamhamisha kila mgeni kwenda kwenye www, na katika kuhamishwa huko yaliyomo kwenye majibu hudondoka. Iandike anwani kamili kama tovuti inavyofunguka mwishoni.

Wakati unatengeneza, usiwaache wateja waliolipa wakisubiri. Linganisha oda zilizokwama na taarifa ya akaunti yako ya biashara, msimbo kwa msimbo, na zile zilizolipwa uzikamilishe kwa mkono. Usikamilishe oda kwa kuangalia ujumbe uliotumwa na mteja kwa WhatsApp peke yake, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa hughushiwa kwa urahisi. Kinachothibitisha malipo ni taarifa ya akaunti yako. Na mweleze mteja waziwazi kwamba pesa zake umeziona.

Majibu yenyewe yana nambari zinazosema kilichotokea, na programu-jalizi nyingi huziweka kwenye kumbukumbu zake. Sifuri ni kufaulu. Nambari 1 ni salio lisilotosha, 1032 ni mteja aliyeghairi, 1037 ni simu ambayo haikupatikana au haikujibu kwa wakati, na 2001 kwa kawaida ni nambari ya siri iliyokosewa. Kumbukumbu zikijaa 1037, usifikiri kwamba wateja hawana nia ya kununua. Ongeza kitufe cha kutuma ombi upya, na uandike nambari ya kulipia moja kwa moja kwa wale ambao ombi haliwafikii.

Tofauti ya Till na Paybill nayo huleta makosa ambayo hayasemi jina lake. Kwa Paybill aina ya muamala ni CustomerPayBillOnline, na kwa Till ni CustomerBuyGoodsOnline. Tena kwa Till nambari ya biashara inayotuma ombi si lazima iwe ile iliyobandikwa ukutani, kwa kuwa kuna nambari ya duka iliyo nyuma yake. Ukiwa na Till na ombi linakataliwa kwa sababu ya utambulisho usio sahihi, anza hapo.

Barua za oda hazifiki

Mteja amelipa, oda imekamilika, na barua pepe ya kuthibitisha haijaonekana, au imeangukia kwenye barua taka. WordPress ikiachwa ilivyo hutuma barua kwa seva ya tovuti, na wapokeaji wakubwa hawaiamini. Tangu Februari 2024 Google inataka kila anayetuma barua kwa watumiaji wa Gmail awe na SPF au DKIM, ambazo ni rekodi za DNS zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwa mwenye jina. Weka programu-jalizi ya SMTP inayotuma kupitia akaunti halisi ya barua pepe ya kikoa chako, na usiweke anwani ya Gmail kuwa mtumaji wa barua zinazotoka kwenye seva ya duka, kwa kuwa seva hiyo haina idhini ya kutuma kwa niaba ya Gmail. Kikoa kinapaswa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Aliyeongeza ya pili alipojiunga na huduma nyingine ameziharibu zote mbili, na inampasa aziunganishe.

Duka ni zito, au kikapu kinapotea

Mteja wetu hulipia bando, na uzito wa duka ni gharama yake. Picha iliyopigwa kwa simu huweza kufika megabaiti 4. Leso 20 kwenye ukurasa mmoja ni megabaiti 80, na hakuna atakayesubiri. Punguza upana hadi pikseli 1200, hifadhi kwa muundo wa WebP unaobana picha, na picha nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 200 huku maandishi ya leso yakiendelea kusomeka, jambo ambalo kwa bidhaa hii ndilo linaloamua mauzo.

Wengine hukimbilia programu-jalizi ya kache, yaani ya kuhifadhi nakala za kurasa zilizo tayari ili zifunguke haraka, ambayo ni nzuri, ila ndiyo inayoleta dalili ya kikapu kujiondoa bidhaa au mteja kuona kikapu cha mwingine. Kurasa za kikapu, malipo na akaunti zisiwekwe kwenye kache hata kidogo.

Google hailioni duka

Tazama kwanza kama kisanduku cha kuzizuia injini za utafutaji, kilicho kwenye mipangilio ya usomaji ya WordPress, bado kina alama. Mafundi hukiweka wakati wa ujenzi na kusahau kukitoa. Kikiwa hakina alama, sajili duka kwenye Google Search Console, tuma ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zake, na usubiri; huenda ikawa siku chache, huenda ikawa wiki kadhaa.

Baada ya kutengeneza lolote kati ya haya, weka dukani bidhaa ya majaribio ya shilingi 10 na uinunue kama mgeni, kwa simu isiyowahi kuingia kwenye usimamizi wa tovuti na kwa data ya simu. Fuata njia yote: tafuta bidhaa, iweke kikapuni, lipa, tazama oda ikibadilika yenyewe, fungua barua pepe ya kuthibitisha, na uhakikishe kwamba shilingi 10 zimeonekana kwenye akaunti ya biashara. Kisha ifiche bidhaa hiyo badala ya kuifuta, ili iwepo mara nyingine.